Chini ya Makofi

Wewe uliyekabidhiwa kikopo chenye mfuniko leo asubuhi, ukaambiwa uende nyuma ya ule ukuta, mbali na watu, ukohoe mpaka kitoke kitu cha ndani na siyo mate: nakuandikia wewe. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta kama huo, Kibondo, upepo wa kiangazi ukinirushia vumbi jekundu machoni, na sikutoa chochote. Kwa mwezi mzima mwili wangu ulikuwa ukikohoa bila kuombwa. Ulipoombwa, ukagoma. Nikaanza kucheka peke yangu, na kicheko ndicho kilichokivuta. Basi jaribu kucheka.

Sitakueleza ugonjwa wenyewe unafanyaje kazi. Wapo wanaolijua hilo, na picha za mapafu wamezibandika ukutani. Nitakueleza nilivyosubiri, na nilichokisikia nikiwa nasubiri, maana nusura nisikisikie.

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Nimetoa moja, na ya pili nilitaka iwe ya watu wanaoishi na hatari: wapelelezi, askari kanzu, watu wa zimamoto. Nilitaka wanisimulie kesi zilizowatetemesha. Nilipanga chumba Kasulu, nyuma ya mashine ya kusaga muhogo, na kila nilichokuwa nacho kilikuwa na unga, chandarua, vitabu, nywele. Kwa hiyo kikohozi kilipoanza nilikuwa na cha kulaumu. Ni unga, nikasema. Kisha ni vumbi la barabara. Kisha ni baridi ya Kasulu, ile ya alfajiri inayokufanya uongee kwa moshi mdomoni. Nilikuwa na sababu nyingi kuliko mwanasheria.

Wa kwanza kunisimulia alikuwa Koplo Adela wa zimamoto, dada mwembamba mwenye mabega ya kubebea gunia. Mtu alikuwa ametumbukia kisimani nje ya mji. Walishusha taa kwa kamba, ikazimika katikati.

“Maana yake hewa hakuna,” Adela aliniambia. “Mkubwa akasema tusubiri mitungi ya hewa. Sasa mtu yuko chini anakoroma, unasubiri mitungi itoke wapi? Wanakijiji wakakata matawi, wakayafunga kwenye kamba, wakawa wanayapandisha na kuyashusha, kuipiga ile hewa. Taa ikakubali kuwaka kidogo. Nikashuka.”

“Kwa nini wewe?”

“Wenzangu wangekwama kama kizibo.” Alicheka, kisha akaacha. “Nilipofika nusu nikasikia usingizi. Usingizi mtamu, mwandishi, wa kitoto. Hapo ndipo nilipoogopa. Kule chini pumzi huivuti ovyo. Unakuwa kama mtu aliyebakiwa na njiti moja ya kiberiti.”

Alimfunga yule mtu kifuani, akavuta kamba, wakapandishwa wote wawili. Kisa kizuri. Lakini jioni nilipoisikiliza rekodi ya simu, sikumsikia Adela. Nilijisikia mimi. Kila alipokaribia pale pa kutisha, kikohozi changu kilimrukia kama mbwa anayebwekea wageni. Nilizima simu, nikazunguka chumbani. Chumba kilikuwa kidogo, na nilizunguka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta kuuliza kama natafuta kitu. Siku hizo sikuweza kukaa. Nilikuwa nachoka nikisimama na kuhangaika nikilala, na kila asubuhi shuka lilikuwa bichi kama limetoka kufuliwa.

Nikahamia Kibondo kumfuata Sajenti Mgaya.

Sajenti Mgaya ni mpelelezi. Ni mtu wa Njombe, amezeekea kazini huku kwetu, na ana kawaida ya kuongea huku akiangalia barabara. Tulikutana kwenye mgahawa karibu na stendi. Nilitoa simu, nikaiweka mezani tayari kurekodi.

“Umemaliza kuniuliza?” akasema.

“Afande, hata hatujaanza.”

“Basi nianze mimi. Umekaa juani na sweta, saa sita mchana. Mandazi umeyavunjavunja ili yaonekane yameliwa. Sketi umeibana kwa pini, na pini yenyewe bado inang'aa, kwa hiyo umeanza kupungua juzijuzi. Halafu kila ukikohoa unakitazama kitambaa kabla hujakikunja. Mtu wa mafua hakitazami kitambaa. Unaogopa kukuta nini?”

Goti langu lilikuwa linacheza chini ya meza, na vikombe vikaanza kulia.

“Usiku unalowa,” akasema. Hakuwa anauliza.

“Afande, nimekuja kusikia kesi zako.”

“Hii ndiyo kesi ya leo. Mimi huo ugonjwa niliupata mahabusu. Wao walikuwa ndani ya nondo, mimi nje, hewa ilikuwa moja. Nilikunywa dawa miezi sita, nikapona, unaniona. Hospitali ni pale, unaliona lile paa?”

“Na ile kesi yako kubwa? Ya barabara ya msituni? Kila askari ananiambia nikuulize wewe.”

“Kesi kubwa hasimuliwi mtu anayekohoa. Utanikatiza pale patamu.” Akasimama, akalipia chai yangu niliyokuwa sijainywa. “Makohozi yakiwa safi, nitakuja mwenyewe kwenu Murungu. Mtachinja kuku.”

Hivyo ndivyo nilivyofika nyuma ya ule ukuta.

Benchi la kusubiri majibu utalijua. Watu wanakaa wakiachiana nafasi, kila mmoja na mdomo kwenye kitenge au kola ya shati, na hakuna anayemwangalia mwenzake ila wote wanasikilizana. Mtu akikohoa, benchi zima linakaa kimya kuupima uzito wa kikohozi. Mimi nilikuwa nainuka, nakaa, nasoma tangazo lilelile la chanjo, nainuka tena. Mama mmoja muuza dagaa akapigapiga nafasi iliyokuwa kando yake.

“Kaa huku, mwali. Mimi nimeshaanza dawa. Huna cha kuniambukiza nisichokuwa nacho.”

Nilikaa. Alinuka dagaa na sabuni, na tangu kikohozi kianze hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniita kando yake. Sista Editha aliponiita ndani na kuniambia ni kifua kikuu, jambo nililolifikiria kwanza ni kwamba nitapoteza ile nafasi kwenye benchi.

Sista Editha ni muuguzi wa kitengo hicho, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alinipa dawa na masharti. Kila siku, bila kuruka, hata ukijisikia umepona. Mtu mmoja nyumbani akusimamie ukimeza. Na wote unaoishi nao waje wapimwe.

“Wote,” akasema. “Hasa kama kuna mtoto mdogo.”

Mtoto alikuwepo. Nilirudi nyumbani Murungu, kwa mama yangu, ambako anaishi pia kaka yangu Elia na mke wake Skola. Baba, aliyeletwa nchi hii mgongoni mwa bibi wakitoka Burundi, alishafariki. Mtoto wa Elia na Skola anaitwa Neema, na alikuwa ndiyo kwanza anashika ukuta kutembea. Skola hufuata mafuta ya mawese na vitenge Manyovu, mpakani, analala huko siku kadhaa, na tangu amwachishe ziwa, Neema alikuwa akilala kitanda kimoja na mama.

Skola alikifunga kikombe changu uzi mwekundu kwenye kishikio, kisichanganywe na vingine.

“Si kwa ubaya, wifi.”

“Najua.”

“Na Neema usimbebe kwanza.”

“Najua, wifi. Sista ameniambia.”

Nilijua, na bado nilikwenda nyuma ya nyumba nikaipiga teke migomba. Neema alikuwa amezoea kunijia akiniona. Sasa alikuwa akianza kuja, mtu anamdaka kiunoni, anageuzwa kama gari lililokosea njia, na analia akinitazama mimi kama mimi ndiye niliyekataa.

Elia, Skola na Neema walikwenda kupimwa wiki ileile. Elia na Skola hawakuwa na kitu. Neema naye hakukutwa na kitu, akapewa dawa ya kinga. Mama hakwenda.

“Nitakwenda wiki ijayo,” alisema. “Nani atapanda maharage?”

Wiki iliyofuata ilikuwa palizi. Iliyofuata, mvua imeharibu barabara. Sista Editha aliuliza kila nilipokwenda kuchukua dawa, nami kila mara nilimpelekea sababu mpya, nzuri, kana kwamba nilikuwa nazitunga mwenyewe. Mama alikuwa amekubali kuwa msimamizi wangu, na hakuna askari aliyewahi kulinda lindo kama yeye. Kila asubuhi alisimama mlangoni na vidonge kiganjani na maji kwenye kikombe cha uzi mwekundu. “Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya.” Mtu anayesimamia hivyo utamshuku vipi?

Nikuambie kuhusu mwili, maana hakuna aliyeniambia nikaelewa. Mkojo unabadilika, unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Sista alikuwa amenionya, na bado siku ya kwanza nilipiga kelele chooni mpaka Elia akaja mbio na panga. Miguu inawaka kwenye nyayo jioni. Ngozi inawasha. Kichefuchefu cha asubuhi kinaondoka taratibu, halafu siku moja njaa inakuja, na siyo njaa uliyozoea. Nilikula ugali wa muhogo na maharage ya mawese nikamaliza, nikala na wa Elia. Mvua za kwanza zilileta uyoga, nikala uyoga. Mama alikuwa ananitazama nikila huku ameshika sufuria kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabiwa kura akiwa anashinda. Yeye mwenyewe alikuwa anakula kidogo. Nilidhani ananiachia.

Lakini utulivu haukuja na njaa. Uzima unarudi na fujo zake. Nilitaka kuandika na vidole vilikuwa vizito, nilitaka kutembea nikafika kisimani na kukaa chini. Nilikuwa nimefungiwa ndani ya mvua na kitabu kisichoanza. Nikawa namtumia Sajenti Mgaya ujumbe: *Afande, nipe japo mwanzo.* Anajibu: *Makohozi.*

Maharage yalipotoa maua, miezi miwili ya dawa nzito ilikuwa imekwisha. Nikarudi nyuma ya ukuta na kikopo. Safari hii Sista Editha alitoka nje mwenyewe kuniambia, akanipungia karatasi kutoka mlangoni. Safi. Nilikuwa nabaki na dawa za miezi minne, lakini safi. Nilimtafuta muuza dagaa wangu kwenye benchi nimwambie, hakuwepo. Nikamwambia mzee nisiyemjua. “Komera, mwanangu,” akasema, jipe nguvu, akanipa mkono, mkono mtupu, bila kusita. Huruma ndogo kama hizo zihesabu. Mimi nilizihesabu.

Sajenti Mgaya akaja Murungu na pikipiki, mvua ikimchuruzika kofiani. Niliwasha rekodi kabla hajaingia, kwa uroho tu, nisipoteze neno.

Mama alimpokea mlangoni. Kwetu Waha salamu ya mtu wa heshima haiishi kwa neno moja. Unainama kidogo, unagonga viganja polepole, unauliza alivyoshinda. Naye anagonga, anakuuliza watoto, mifugo, shamba, majirani, mpaka kijiji kizima kiwe kimeulizwa. “Mwidiwe,” mama alimwambia, akagonga makofi. Sajenti naye akainama, mtu wa Njombe yule, akagonga kama amezaliwa kwa Waha wa Heru. Mama akagonga zaidi. Walipeana salamu ndefu mpaka Elia akanikonyeza.

“Afande, umefundishwa na nani?” nikamuuliza alipokaa.

“Ndiyo kesi yenyewe hiyo.” Akavua kofia. “Makofi.”

Akaanza. Ilikuwa enzi zile mabasi ya Kasulu na Kibondo yanakwenda kwa msafara, askari wenye bunduki ndani, kwa sababu ya majambazi msituni. Yeye alitumwa kijiji cha pembeni mwa msitu kama mnunuzi wa maharage, na magunia na mizani, asikilize nani anawalisha wale watu.

“Nikaingia nyumba ya bibi mmoja, kuuliza maharage. Ndani wamekaa wanaume watatu, wanakunywa pombe. Mmoja kavaa koti, na koti upande mmoja halikunji. Umenielewa? Mtu anakaa, koti linabaki limesimama. Nikajua nimeingia kwenye kinywa chenyewe. Sasa mimi ni kijana, nimetoka mafunzo ya depo, kwetu Njombe tunasema kamwene na mambo yameisha. Nikamwambia bibi, shikamoo, nikampa mkono. Hivi. Kama mtu wa benki.”

“Mawe!” mama akashangaa kwa Kiha kutoka jikoni.

“Subiri mama, bado. Yule wa koti akaweka kikombe chini. Akasema, wewe mnunuzi, umepita vijiji vya Waha vingapi hujajua kumsalimia mtu mzima? Polepole tu. Akaingiza mkono ndani ya koti. Ulimi wangu ukawa mkavu kama kipande cha gunia. Na alikuwa anasema kweli.”

“Ikawaje?”

“Yule bibi. Kufumba na kufumbua akajifunika kanga kichwani, akageukia ukutani, akaanza kupiga kelele. *Mtoeni! Mtoeni huyo! Mume wa binti yangu wa Uvinza, hana adabu, amekuja kunitazama usoni, na ninyi mnamwuliza habari za salamu!*”

Elia alianguka kicheko. Kwetu mkwe wa kiume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe, anapita mbali, anaongea akitazama kando. Mtu aliyeingia nyumbani kwa mkwewe na kumpa mkono hana hadhi ya kupigwa risasi. Ni wa kuchekwa tu.

“Walicheka,” Sajenti akasema. “Yule wa koti alicheka mpaka mkono ukatoka kotini. Nikatoka kinyumenyume, nimeinamisha kichwa, nikaacha mizani, nikaacha magunia, nikakimbia kama mkwe aliyeaibika. Na kweli nilikuwa nimeaibika. Tulirudi alfajiri tukawakuta msituni. Mwenzetu mmoja alipigwa risasi ya paja, akapona. Lakini mimi ndoto zangu siyo za risasi. Naota ule mkono wangu, niliomnyooshea bibi.”

“Na bibi?”

“Nilimpelekea kitenge. Akakipokea amenipa mgongo. Mpaka leo nikipita pale anajifunika kanga, anaingia ndani. Kesi imefungwa zamani, ila mimi bado mkwe.”

Tulicheka wote. Mama aliingia na kuku, akakipongeza kisa kwa makofi, akarudi jikoni haraka.

Kesho yake mchana mvua ilinyesha bila kukoma, nikakaa kitandani na visikilizio masikioni nianze kuandika. Nilikuwa na furaha ya njaa, ile ya mwandishi aliyepata. Rekodi ikaanza na pikipiki ikizimwa, hatua kwenye tope, kisha salamu. *Mwidiwe.* Pa, pa, pa. Kisha makofi ya mama yakaongeza kasi, yakawa mazito, yakapanda.

Chini yake kulikuwa na kitu.

Nilirudisha. Nikaongeza sauti. Pa, pa, pa, na ndani ya makofi, kama mtu anayetembea nyuma ya mtu mwingine ili asionekane, kikohozi. Kifupi, kilichobanwa, cha mdomo uliofungwa. Nilikijua. Nilikuwa nimekisikia kwenye rekodi ya Adela, kikiwa changu. Nikapeleka mbele, pale alipokipongeza kisa: makofi, na kile kitu chini yake.

Nilivua visikilizio na nyumba yote ikabadilika. Kanga yake aliyoifua peke yake, akaianika nyuma ya migomba. Chakula alichoniachia. Ile kwenda nje jioni kila mara, eti kumfukuza paka. Nilisimama, nikakaa. Chumba cha pili Neema alikuwa amelala usingizi wa mchana na mama ubavuni mwake, mlango umerudishwa, dirisha limefungwa kwa ajili ya mvua. Dawa ya kinga alikuwa anakunywa, ndiyo, lakini Sista alikuwa ameniambia wazi kwamba dawa hiyo haimaanishi mtoto alale na mtu anayekohoa.

Nilimpigia Sajenti Mgaya.

“Mama yako siyo mhalifu,” akasema baada ya kunisikiliza. “Ukimpelekea ushahidi, atapata jibu. Unasema ana majibu ya kupanda na kupalilia. Mtu anayejificha usimfuate. Kaa pale anapopita kila siku.”

“Anapita wapi?”

“Wewe ndiye unayeishi naye.”

Sikulala. Niligeuka na kugeuka, nikapanga hotuba, nikazifuta. Asubuhi mama alisimama mlangoni na vidonge kiganjani na kikombe cha uzi mwekundu, kama kila siku. Akaviweka kwenye kigoda ili tusalimiane kwanza. Ndipo nilipoona anapopita.

“Mwakeye, mama,” nikasema. Akanyanyua mikono ajibu. Nikaishika.

Nilimshika viganja vyote viwili, katikati ya hewa, kabla havijakutana. Alidhani ni upendo, akatabasamu. Nikaendelea kumsalimia, ameamkaje, mgongo wake, kuku, mvua, jirani, na sikumwachia. Alijaribu kuvuta. Macho yake yakaanza kukimbia. Alibana midomo. Mabega yakapanda, na mikono yake ndani ya mikono yangu ikawa inatafutana kama vipofu wawili. Kisha kikatoka. Kilitoka kitupu, bila makofi, kirefu, cha kuinama, na nilimshikilia mpaka kikaisha.

“Unanikamata kama mwizi,” akasema. “Nyumbani kwangu.”

“Tangu lini, mama?”

“Ni moshi wa jikoni.”

“Tangu lini?”

Alikaa kwenye kigoda, juu ya nusu yake, vidonge vyangu vikiwa nusu nyingine. Mvua ilikuwa imekatika na matone yalikuwa yanadondoka migombani.

“Wewe hukumjua dada yangu Anastazia, naye alikohoa hivi,” akasema. “Walimjengea kibanda kule chini, migombani. Chakula tulikuwa tunakisukuma kwa mti, ungo na mti. Mimi ndiye niliyekuwa nasukuma. Nilikuwa binti mdogo, nimekatazwa kufika. Alikuwa anagonga makofi kunishukuru. Nikawa nayasikia makofi tu, simwoni. Halafu siku moja nikasukuma na sikuyasikia.”

Nilikaa chini, sakafuni, miguuni pake.

“Ningekwenda hospitali,” akasema, “wangeniondolea mtoto kitandani.”

“Ego, ndiyo. Watamwondoa. Kwa muda. Kama nilivyoondolewa mimi.”

“Atalia.”

“Atalia, mama. Na mimi alinililia.”

Akavichukua vidonge, akanipa, na kwa sauti yake ya kila siku akasema, “Fungua mdomo.” Nikafungua. “Inua ulimi.” Nikainua. Akaenda ndani. Nilidhani amenishinda. Alitoka amevaa gauni la kanisani, na kanga safi mkononi, ameikunja ya kuzibia mdomo.

Kwenye benchi la Kibondo mama alimsalimia kila mtu, mmoja mmoja, akiwainamia, na benchi lote, watu waliokuwa wakiachiana nafasi, likaanza kugonga makofi na kukohoa, kukohoa na kugonga makofi, mpaka Sista Editha akachungulia kuona kuna sherehe gani. Majibu yalikuwa yale niliyoyasikia kwenye rekodi. Mama aliyapokea ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakulia hospitalini. Alilia nyumbani, jioni ile, Skola alipokihamisha kitanda cha Neema na mtoto akaanza kumwita bibi yake kutoka upande wa pili wa ukuta.

Skola alitoka na kikombe kingine na uzi. Nilimwona anasita. Akakaa na kuufunga, akaleta na kikombe chake mwenyewe, akakifunga uzi pia, wa kijani, na cha Elia, wa njano. “Ili nyumba nzima iwe na rangi,” akasema bila kututazama. Wifi yangu, niliyekuwa nimenuniana naye mvua nzima.

Kuanzia hapo tulisimamiana. Asubuhi mimi ninampa yeye, yeye ananipa mimi, tunainua ndimi kama watoto wanaotaniana. Siku aliyoona mkojo wake aliniita nione, kwa fahari. Mimi nilimaliza dawa zangu mahindi yakikauka shambani. Yeye aliendelea hadi upepo wa baridi ulipoanza, na kila mwezi Neema alipimwa uzito, na kila mwezi nilikuwa nasimama nyuma ya mizani nikishindwa kutuliza miguu mpaka mshale utulie. Aliongezeka. Anaongezeka.

Sajenti Mgaya amehamishiwa mbali. Alipiga simu kuuliza kama kitabu kimeisha. Nikamwambia kitabu bado, ila nimeandika hiki kingine kwanza, kwa ajili ya watu wa benchi. Akauliza, “Na ile kesi ya Murungu?”

Nilimjibu wiki iliyopita, baada ya asubuhi hii ninayokueleza. Mama alikuwa uani anaanika muhogo, Neema akiwa mgongoni mwake, amefungwa kwa kanga, amelala mdomo wazi kwenye shingo yake. Sista Editha alikuwa amempa mama karatasi ya mwisho, safi, siku moja kabla. Nilitoka na kumwamkia. Mama akaweka ungo chini, akanigeukia, akainama kidogo kwa uangalifu asimwamshe mtoto, akagonga makofi.

Sikujibu. Nilisimama nikisikiliza. Pa, pa, pa, polepole, mazito ya mikono yenye unga. Nilisikiliza juu yake na chini yake, nilisikiliza kati ya kofi na kofi. Kulikuwa na kuku. Kulikuwa na pumzi ya Neema. Yakaisha, na baada yake hakukuwa na kitu.

“We mtoto,” mama akasema, mikono bado imeinuliwa, “nimekusalimia. Acha upolisi. Itika.”

Nikaitika.